Kiti cha Bosi na Faili Iliyogoma

Mimi ni fundi seremala. Watu wa mtaa huu wananiita Fundi Moto, na hawasemi hivyo kwa sababu ya kazi yangu. Wanasema hivyo kwa sababu ya hasira zangu. Nakasirika upesi, na kupoa kwangu kunachukua muda. Hadithi hii ni ya siku nane nilizokasirika mfululizo. Nilimkasirikia mwalimu mkuu, nikaikasirikia simu, nikamkasirikia mwanamke aliyekuwa ananisaidia. Mtu wa kumkasirikia hasa nilikuja kumjua mwishoni.

Karakana yangu iko mbele ya nyumba. Asubuhi nafungua mlango wa mabati, nafagia maranda ya jana, nanoa patasi, kisha nampokea Bosi. Bosi ni mjukuu wangu. Ana miaka saba. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu ananisimamia kazi kutwa nzima. Mama yake, yaani binti yangu, anafua na kupiga pasi mashuka kwenye nyumba ya wageni. Anatoka mapema, anarudi jioni. Kwa hiyo Bosi anashinda na mimi na bibi yake.

Akili ya Bosi ni kali. Tatizo ni mgongo na miguu. Tangu azaliwe, misuli yake haimtii. Ukimketisha na kumwachia, anaanguka upande. Tulimtafutia beseni la kufulia, tukalijaza mito, tukamweka humo karibu na meza yangu ya kazi. Hata humo, lazima mtu amshike mgongo. Nikipiga randa, mke wangu anamshika. Mke wangu akipika, namshika mimi kwa mkono mmoja, na mkono mwingine unapiga msasa. Kwa miaka saba, kila alipokaa, mkono wa mtu ulikuwa mgongoni mwake.

"Babu, mguu huo mfupi," aliniambia asubuhi moja nilipokuwa naunga stuli.

"Nani kakuuliza?"

"Mfupi. Pima."

Nilipima. Ulikuwa umepungua nusu sentimita.

"Huyu mke mwenzangu atakufukuza kazi," mke wangu alisema, na wote wawili wakanicheka.

Mwaka uliopita tulimpeleka Bosi shule. Mwalimu mkuu hakutukaribisha hata kiti. Alitutazama pale pale mlangoni akauliza, "Atakaa wapi? Darasa lina watoto sitini na mwalimu mmoja. Nani atamshika?" Tulirudi nyumbani. Bosi hakusema neno njia nzima. Mimi nilisema maneno mengi, na hayaandikiki hapa.

Mwaka huu mambo yalisogea kidogo. Kwenye kliniki tunayompeleka yuko dada mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ndiye anayemnyoosha Bosi miguu na mgongo. Aliiandikia shule barua. Mwalimu mkuu akatuita.

"Mtoto aje na kiti chake, kiti kinachomshikilia mwenyewe bila mtu," alisema. "Akija nacho siku ya kufungua shule, nafasi yake ipo. Asipokuja nacho, nampa mwingine. Wanaosubiri ni wengi."

Damu ilinichemka. Lakini nilijisemea, kiti tu? Mimi niambiwe nilete kiti? Nimetengeneza viti miaka thelathini.

Dada wa kliniki alimpima Bosi kwa futi kamba. Alipima paja, muundi, kiuno, mbavu, hadi shingo. Aliandika kila namba.

"Upana wa kalio la kiti utakuwa sentimita ishirini na nane," alisema. "Vingine nitavipiga hesabu. Nitachora kwenye kompyuta nikutumie kwa simu. Fundi, tafadhali, usianze kabla hujauona mchoro."

"Dada, viti navijua."

"Viti unavijua. Mgongo huu huujui."

Neno lile lilinichoma. 

Mchoro ulikuja siku ya Alhamisi. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu ya wiki ya pili yake, kwa hiyo muda ulikuwepo. Simu ililia, nikapangusa mikono nikatazama. Kulikuwa na picha ya kiti. Chini ya picha kulikuwa na faili. Chini ya faili kulikuwa na maelezo marefu. Nilisoma mstari wa kwanza tu: "Fundi, huu hapa mchoro wa kiti, vipimo vyote vimo ndani ya faili." Sikuendelea. Nikagusa faili.

Simu ikaandika: "Faili hii haiwezi kufunguliwa."

Nikagusa tena. Maneno yale yale. Nikabonyeza kwa nguvu, kama vile kidole ni nyundo. Simu haikujali.

Jioni binti yangu alirudi, akatazama. "Baba, mwambie dada wa kliniki kwamba haifunguki."

"Nimwambie nimeshindwa?"

"Haifunguki. Si kwamba umeshindwa."

"Alishaniambia siujui mgongo. Sasa nimwambie na simu siijui? Ametuma hivi makusudi, nikambembeleze."

"Baba."

"Nimesema basi."

Binti yangu alimbeba Bosi akaingia ndani. Anajua nikisema basi, mazungumzo yamekwisha. Ninaeleza haya kwa aibu.

Ijumaa niliona tangazo kwenye simu: programu ya bure, inafungua faili za kila aina. Nikaiweka. Iliuliza kama naikubalia ione majina na namba za watu wangu. Nikakubali. Isome ujumbe wangu. Nikakubali. Ione picha zangu. Nikakubali na hapo, ili mradi ifungue. Haikufungua. Kuanzia saa ile simu ikawa haitulii. Kila dakika tangazo jipya linaruka kwenye kioo: dawa ya nywele, mchezo wa bahati, viatu. Nikizima moja, yanakuja mawili.

Jumamosi nikagundua kitu, au nilidhani nimegundua. Niliona kwamba jina la faili lilimalizikia kwa nukta na herufi tatu: dwg. Picha zangu zote kwenye simu zilimalizikia kwa nukta na jpg. Nikasema, kumbe tofauti ni herufi tu. Nikafuta zile tatu, nikaandika hizi tatu. Simu ikauliza kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika kupita kiasi. Jina likabadilika, nikafurahi, nikagusa.

"Picha hii imeharibika."

Sasa nilikuwa na ushahidi. Nilimwambia mke wangu, "Unaona? Katuma kitu kibovu." Dada wa kliniki alinipigia Jumamosi hiyo hiyo. Niliitazama namba yake ikilia mpaka ikanyamaza. Alipiga tena Jumatatu. Sikupokea.

Kufikia siku ile nilikuwa nimeshajipatia njia yangu. Ni njia ambayo ingemjia seremala peke yake. Niliiangalia ile picha ya kiti iliyokuja na faili. Nikachukua rula, nikaiweka juu ya kioo cha simu. Kalio la kiti kwenye picha lilikuwa na upana wa sentimita mbili. Dada alisema upana ni ishirini na nane. Mbili mara kumi na nne ni ishirini na nane. Basi kila kitu kwenye picha nitakipima na kukizidisha kwa kumi na nne. Nilipima kina cha kalio, urefu wa mgongo, mahali pa kuwekea miguu, meza ndogo ya mbele. Nilijiona bingwa. Nikafanya kazi siku tatu kwa mbao ngumu, nikalainisha kila kona, nikashonea godoro jembamba na mikanda miwili ya ngozi.

Bosi alikuwa ananitazama kutoka kwenye beseni. "Babu, mbona kirefu?"

"Kaa kimya wewe."

Alhamisi mchana kiti kilikuwa tayari. Kilikuwa kizuri, naapa. Tulimketisha, nikafunga mikanda, nikasogeza meza mbele yake. Mke wangu alisimama kando. Nikatoa mkono wangu mgongoni.

Bosi alikaa kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha kiuno chake kikaanza kuteleza mbele. Kalio la kiti lilikuwa refu mno, magoti yake hayakufika ukingoni, hayakuweza kukunjika. Miguu ilining'inia, haikufika pa kukanyagia. Aliteleza chini ya mkanda, na mkanda ukapanda kutoka kifuani hadi shingoni. Kidevu kikagonga meza. Mke wangu alimdaka na kukata mkanda kwa kisu changu cha kazi kabla mimi sijajua niko wapi.

Mdomo wa mtoto ulikuwa unatoka damu. Hakulia. Alinitazama kwa macho yangu mwenyewe, yale ya hasira.

"Ulipima?" aliniuliza.

"Nilipima."

"Ulipima nini?"

Nilikuwa nimepima picha kwenye simu. Nilishika nyundo ili nikivunje kile kiti.

"Kivunje," mke wangu alisema. Hakupaza sauti. "Kivunje, halafu Jumatatu ukamkalishe kwenye vipande. Siku nane unagombana na simu. Mtoto nusura anyongwe na mkanda kwa sababu wewe unaona aibu kuuliza. Leo na mimi nimekasirika, na hasira zangu hujawahi kuziona."

Ni kweli, sikuwahi. Alimbeba Bosi, akachomoa simu kwenye mfuko wangu wa shati, akatoka. Niliweka nyundo chini nikamfuata.

Alikwenda mlango wa tatu, kwa jirani yetu mwenye duka la kuchapa. Mtaani tunamwita Mama Karatasi. Anachapa barua, anatoa nakala, anajazia watu fomu. Dukani kwake mna kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala inayopiga kelele, na benchi nililomtengenezea mimi. Alimfuta Bosi damu, akampa kipande cha barafu afunge kwenye kitambaa. Kisha akapokea simu. Tangazo la viatu likamrukia.

"Nini hii?"

Nilimweleza habari ya programu ya bure.

"Na ulikubali isome ujumbe wako?"

"Iliuliza."

"Fundi, karakana yako unaifunga kwa kufuli mbili. Mtu usiyemjua amekuja kuomba funguo za nyumba, umempa, tena zote." Aliitoa ile programu, akanionyesha jinsi ya kuitoa. "Ukitaka programu, itafute kwenye duka rasmi la simu yenyewe, usifuate tangazo. Soma nani kaitengeneza na watu wanasema nini juu yake. Ikiwa kazi yake ni kufungua mchoro, inataka ujumbe wako wa nini? Ikiomba kisichohusiana na kazi yake, ikatae."

Kisha akatazama faili. "Mbona inajiita picha?"

"Nilibadili herufi za mwisho."

Aliweka simu mezani. "Nikuulize. Nikichukua ubao wa msonobari, nikauandika 'mvule' kwa rangi nyeupe, utakuwa mvule?"

Mke wangu aligeuka akatazama ukutani ili asicheke. Mtaa mzima unajua kwamba niliwahi kuuziwa msonobari uliopakwa rangi nikiambiwa ni mvule. Siku ile nilifoka pale kwenye duka la mbao hadi wakafunga. Sasa mimi mwenyewe nilikuwa nimefanya vile vile.

"Ina maana nimeiharibu?" niliuliza.

"Hapana. Umebadili lebo, ndani hukugusa kitu. Na ile ya kwanza bado iko kwenye ujumbe wake, tunaipakua upya. Hiyo ya kwanza usiifute kamwe, hata ukipata nyingine." Alivuta droo, akatoa bisibisi mbili akaziweka mezani. "Hii ni ya bapa. Hii ni ya nyota. Ukikuta skrubu ya nyota na mkononi una ya bapa, skrubu mbovu?"

"Hapana."

"Bisibisi mbovu?"

"Hapana. Hazilingani."

"Basi. Kila faili inafungwa kwa namna yake. Zile herufi baada ya nukta zinakuambia inataka bisibisi gani. Barua nyingi ni docx. Mahesabu ya jedwali ni xlsx. Kuna simu za bei kubwa zinapiga picha za heic, ukitumiwa kwenye simu ya zamani unaona pengo tupu. Hii yako ni dwg, ya michoro ya mafundi na wahandisi. Simu yako haina bisibisi ya dwg. Dada hakukutumia kitu kibovu, na simu yako nzima. Hazijakutana tu."

"Sasa?"

"Unaweza kutafuta programu inayofungua dwg. Au faili igeuzwe, iwe ya aina ambayo karibu kila simu inaisoma. Ya michoro na barua ni PDF."

"Si kuna tovuti za kugeuza?" binti yangu aliuliza. Alikuwa ametoka kazini, akakuta nyumba tupu, akafuata sauti zetu.

"Zipo. Unapandisha faili, wanaigeuza, unaishusha. Lakini hapo umeipeleka kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Ndani ya mchoro huu mna jina la mtoto, umri wake, na ugonjwa wake. Tangazo la mkutano, peleka. Mambo ya mtoto, hapana."

"Basi geuza hapa kwenye kompyuta yako," nilisema.

"Hata kompyuta yangu haina programu ya dwg. Mwenye nayo ni aliyechora. Njia fupi kuliko zote ni kumpigia aliyekutumia, umwambie: sina cha kufungulia, nitumie PDF."

Mashine ya nakala ilikuwa inapiga kelele zake.

"Mpe simu," mke wangu alimwambia.

Nilimpigia dada wa kliniki. Alipokea mara moja, na hakunisalimu.

"Fundi. Siku nane. Nimekupigia mara mbili."

"Faili haikufunguka."

"Haikufunguka tangu lini?"

"Tangu uitume."

Alipojibu, niliisikia hasira yake kwenye sauti. Hasira za wenzangu nazitambua. "Niliandika pale chini, ukikwama niambie siku hiyo hiyo. Niliandika pia kwamba ile picha ni ya kiti cha mvulana wa miaka kumi na miwili, nimeipiga kwa mshazari, uione sura tu. Usiniambie umeipima picha."

"Nimeipima."

"Mtoto ameumia?"

"Mdomo. Kidogo."

"Ningekuwa karibu ningekuchapa, mzee, na heshima zako zote." Kisha akashusha pumzi. "Na mimi nina kosa langu. Sikuuliza simu yako inafungua nini. Ningekutumia PDF tangu mwanzo. Subiri."

Mama Karatasi alitazama saa ya ukutani. Ujumbe uliingia kabla dakika mbili hazijaisha. Niligusa, na kiti cha Bosi kikafunguka kwenye kioo, mbele, ubavu, na juu, na namba zote.

Dakika mbili. Nilikuwa nimepoteza siku nane, mbao nzuri, na damu ya mtoto, kwa jambo la dakika mbili. Sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika pale, na safari hii sikuwa na mtu wa kumfokea. Mwenye kosa alikuwa amevaa shati langu.

"Hakikisha kabla hatujachapa," Mama Karatasi alisema. "Faili ikigeuzwa, mara nyingine kitu kinaruka. Tafuta kipimo unachokijua."

"Upana. Ishirini na nane." Nilitafuta. Ulikuwepo, ishirini na nane. Kina cha kalio kilikuwa thelathini. Changu kilikuwa thelathini na nane.

Alichapa kurasa tatu. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye rula. Aliupiga kofi.

"Mashine imepunguza mchoro ili uenee kwenye karatasi. Ukiupima mstari utarudi kule kule ulikotoka. Soma namba. Mstari unakuonyesha umbo, namba ndiyo kipimo."

Sikukivunja kiti. Mbao ilikuwa nzima, kosa lilikuwa langu. Ijumaa nilikifungua chote. Nilibandika zile kurasa tatu ukutani, juu ya meza. Bosi alikuwa hajakanyaga darasa, lakini namba anazijua kwa kuishi na futi kamba. Bibi yake alimshika mgongo akimnong'oneza maneno, naye Bosi akawa ananisomea.

"Kina, thelathini."

Napima.

"Pa kukanyagia hadi kalio, ishirini na tisa."

Napima.

"Onyesha," anasema. Namwonyesha futi kamba. Anatazama, anakubali kwa kichwa, ndipo naruhusiwa kukata.

Siku zile tatu hakunichekea hata mara moja. Alikuwa bado amekasirika, na mdomo ulikuwa umevimba. Sikumlaumu.

Jumapili alasiri dada wa kliniki alikuja karakanani. Alizunguka kiti mara mbili. Alishusha mkanda wa kiuno ukapita chini ya tumbo, juu ya mapaja, akanieleza kwamba mkanda ukikaa hapo kiuno hakitelezi. Alimketisha Bosi, akapiga magoti, akatazama kutoka ubavuni. Magoti yalikunjika pale pale ukingoni. Nyayo zilikanyaga ubao.

"Sawa," alisema. Hakunisifu, na sikustahili.

Siku hizi mlangoni kwangu nimebandika karatasi. Imeandikwa: "Ukinitumia mchoro, tuma PDF. Usipofunguka, nitakuambia siku hiyo hiyo." Wateja wanaisoma wanacheka, kwa sababu wananijua. Lakini wiki iliyopita mama mmoja alinitumia picha za kabati kwa heic, zikaja tupu. Nilimpigia palepale. Alizituma upya kwa jpg, na hakuna aliyefoka. Mke wangu aliitia alama tarehe ile kwenye kalenda.

Turudi Jumatatu ile. Tulikwenda wote wanne. Mimi nilibeba kiti, binti yangu akambeba Bosi, mke wangu akabeba mkoba wa madaftari. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni pale pale aliposimama mwaka uliopita. Alikitazama kiti.

"Kizuri," alisema.

Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima ya kumjibu. Niliyameza. Nilikiweka kiti mstari wa pili, karibu na dirisha. Tulimketisha Bosi, nikafunga mikanda, nikasogeza meza yake. Watoto sitini walikuwa wanatutazama. Mwalimu wa darasa alisimama ubaoni na chaki mkononi, akitusubiri tumalize.

"Babu," Bosi alisema.

"Naam, Bosi."

"Toa mkono."

Sikujua kwamba mkono wangu bado ulikuwa mgongoni mwake. Uliogopa kutoka. Niliona tena mkanda shingoni.

"Toa," alisema, kwa sauti ile anayonitolea nikikosea kipimo. "Nimekaa."

Niliutoa. Alibaki pale. Hakuegemea upande, hakuteleza. Alifungua daftari, akashika penseli, akageuza uso ubaoni, na hakunitazama tena.

Mwalimu aliniambia wazazi wanasubiri nje. Nilitoka. Nilisimama uani chini ya dirisha lile, na mkono wangu wa kulia sikujua niuweke wapi.